Dola Isiwe Pazia la Dhuluma: Mafunzo ya Maisha ya Jaji Antonio Cassese

Miongoni mwa hoja ambazo watawala wa dunia wamezizoea, tangu zama za wafalme hata zama hizi za marais na mabaraza ya mawaziri, hakuna iliyowadhuru wanyonge kama ile isemayo kwamba alifanyalo mtawala kwa raia zake ndani ya mipaka yake ni shauri lake mwenyewe, na kwamba mtu wa nje hana ruhusa ya kuuliza. Kwa hoja hiyo mahabusi wamefia korokoroni na asipatikane wa kujibu, vijiji vimechomwa moto na wenyewe wakafukuzwa, na jamii nzima za watu zimeuawa, ilhali mataifa mengine yakitazama na kusema kwamba hayo ni mambo ya ndani. Nia yangu katika makala haya ni kuwaeleza wasomaji habari za mwanachuoni mmoja wa Kitaliano, marehemu Antonio Cassese, aliyeutumia umri wake kuivunja hoja hiyo, kwanza kwa kalamu, kisha kwa kuingia yeye mwenyewe ndani ya magereza, na hatimaye kwa hukumu. Nataka pia kudai kwamba sisi wa Afrika ya Mashariki na Kati, ambao vita vilivyotuumiza katika miongo hii vimekuwa aghalabu vita vya wenyewe kwa wenyewe, tuna deni kwake ambalo wengi wetu hatujalijua, seuze kulilipa.

Cassese alizaliwa tarehe 1 Januari 1937 katika mji mdogo wa Atripalda, kusini mwa Italia, katika nyumba ya elimu, kwani baba yake, Leopoldo, alikuwa mwanahistoria na mtunzaji wa nyaraka za serikali huko Salerno, na kaka yake, Sabino, alikuja kuwa mwanasheria mwenye sifa, akawa waziri na baadaye jaji wa Mahakama ya Katiba ya nchi yao. Alizaliwa chini ya utawala wa Mussolini, na alikuwa mtoto wa miaka 6 wakati majeshi ya Waingereza na Wamarekani yalipoteremka katika pwani ya Salerno mnamo Septemba 1943 na vita vikapita juu ya ardhi ya kwao. Alisoma sheria Pisa chini ya mwalimu wake Giuseppe Sperduti, akafundisha papo hapo Pisa, kisha tangu mwaka 1975 akahamia Chuo Kikuu cha Firenze, mji uliokuwa maskani yake mpaka mauti yalipomfika.

Ilmu aliyoichagua, yaani sheria ya mataifa, ilikuwa bado ni ilmu ya mikataba, ya mipaka, ya bahari, ya kinga za mabalozi na ya madai ya dola kwa dola. Mtu wa kawaida, awe mkulima au kuli wa bandarini, hakuwa na nafasi kubwa ndani yake ila kwa kuwa ni raia wa dola fulani, na dola hiyo ikimtetea ikipenda na kumtupa isipopenda. Cassese hakuridhika na hali hiyo. Katika maandishi yake mengi, na hasa katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1995 juu ya haki ya watu kujiamulia mambo yao, alifuatilia namna sheria ya mataifa inavyotoka polepole kwenye maslahi ya dola na kuelekea kwenye stahili za wanadamu, na aliamini kwamba haimtoshi mwanachuoni kuishuhudia safari hiyo kwa mbali, bali yampasa aisaidie ifike. Mwaka 1990 alikuwa mmoja wa waasisi wa Jarida la Sheria ya Mataifa la Ulaya, na mwaka 2003 akaanzisha jarida jingine juu ya haki ya jinai ya kimataifa, na yote mawili yakawa mimbari za vijana ambao pengine wasingepata pa kusemea.

Lakini yeye hakuwa mtu wa maktaba peke yake. Kati ya mwaka 1974 na 1977 alikuwamo katika ujumbe wa Italia kwenye mkutano wa Geneva uliotunga itifaki mbili za kuongezea Mikataba ya Geneva ya 1949, na humo aliona kwa macho yake jinsi wajumbe wa serikali walivyokuwa wepesi wa kukubali vikwazo katika vita vya dola na dola, na wazito mno wa kukubali kikwazo chochote katika vita dhidi ya waasi wa nchini mwao. Baada ya hapo Umoja wa Mataifa ulimpa kazi ya kuchunguza athari za misaada ya uchumi ya kigeni juu ya haki za binadamu katika Chile ya Jenerali Pinochet, na ripoti yake ya mwaka 1978 ilieleza bayana kwamba sehemu kubwa ya fedha hizo ilisaidia kuushikilia utawala uliokuwa ukiwakandamiza watu, ikamaanisha kwamba mwenye kumkopesha dhalimu hawezi kunawa mikono na kusema kwamba yeye ametoa mkopo tu.

Mwaka 1989 ndipo ulipoanza, kwa rai yangu, mlango wa maisha yake ulio na mafunzo zaidi kwa msomaji wa Kiafrika, nao husahauliwa kwa sababu ya umaarufu wa yaliyofuata. Mwaka huo ulianza kutumika mkataba wa Baraza la Ulaya wa kuzuia mateso, uliotiwa saini miaka 2 nyuma, ikaundwa kamati ya kuwatembelea watu waliofungwa, na Cassese akawa mwenyekiti wake wa kwanza hata mwaka 1993. Uwezo wa kamati hiyo ulikuwa jambo geni katika historia ya dola, kwani wajumbe wake waliweza kuingia katika kituo chochote cha polisi, jela yoyote na hospitali yoyote ya wagonjwa wa akili waliozuiliwa, wakazungumza na mfungwa faragha pasina askari kusimama karibu, na serikali iliyokwisha kuridhia mkataba haikuwa na haki ya kuwafungia mlango. Ripoti zao zilikuwa siri mpaka serikali husika iridhie kuzitangaza. Ila serikali ikikaidi, kamati ilikuwa na ruhusa ya kusema hadharani.

Walipokwenda Uingereza mwaka 1990, nchi ambayo wanasheria wetu wa tangu enzi za ukoloni wamefundishwa kuitazama kama chemchemi ya haki, waliona katika jela za Brixton, Wandsworth na Leeds msongamano wa wafungwa, vyumba visivyo na choo, na watu wanaokaa wamefungiwa sehemu kubwa ya siku bila ya kazi wala shughuli, wakaandika pasi na kuuma maneno kwamba mambo hayo yakijumuika pamoja ni kumtendea mtu kinyume cha ubinadamu na kumdhalilisha. Na mnamo Desemba 1992, baada ya Uturuki kuchelewa kurekebisha vituo vyake vya polisi ambamo kamati ilithibitisha kwamba mateso yameenea, likatoka tamko la kwanza la hadharani. Nataka msomaji alihifadhi jambo hili, kwa kuwa tutalihitaji hapo mbele: kabla ya mtu huyu kukaa kitini kuwahukumu wengine, alianza kwa kufagia uani kwao, na akaeleza katika kitabu chake cha mwaka 1994 aliyoyakuta katika mahabusu za Ulaya hiyohiyo inayojisifu kwa ustaarabu.

Mwaka 1993 Baraza la Usalama, kwa azimio nambari 827 la tarehe 25 Mei, liliunda mahakama ya kimataifa ya kuhukumu jinai zilizotendwa katika iliyokuwa Yugoslavia, ya kwanza ya namna yake tangu zile za Nuremberg na Tokyo. Majaji 11 wakakutana The Hague mwezi Novemba wakala kiapo, na wakamchagua Cassese kuwa rais wao. Hawakuwa na ukumbi wa kusikilizia kesi, hawakuwa na kanuni za mwenendo wa mashtaka, hawakuwa na mshtakiwa hata mmoja, na mwendesha mashtaka wa kwanza aliyeteuliwa alijiuzulu kabla hajaianza kazi. Na walikuwapo wengi, hata ndani ya Umoja wa Mataifa wenyewe, waliodhani kwamba mahakama hiyo imeundwa ili serikali kubwa zipate la kusema, wakati damu ikiendelea kumwagika Bosnia. Rais mwingine angalisubiri. Cassese na wenzake waliandika kanuni zao wenyewe na kuzipitisha mnamo Februari 1994, wakahimiza apatikane mwendesha mashtaka, akapatikana Richard Goldstone wa Afrika ya Kusini mwezi Julai, na kuanzia hapo hati za mashtaka zikaanza kutoka, zikiwamo za viongozi wa Waserbia wa Bosnia, Radovan Karadžić na Ratko Mladić, mnamo Julai 1995. Ilipofungwa tarehe 31 Desemba 2017, mahakama hiyo ilikuwa imewashitaki watu 161, na hakusalia hata mmoja aliyekuwa akitafutwa na asipatikane.

Ama hukumu iliyolifanya jina la Cassese kudumu katika vitabu vya sheria ni ile ya tarehe 2 Oktoba 1995, katika kesi ya Duško Tadić, mwenye mkahawa wa mji mdogo wa Kozarac aliyeshitakiwa kwa ukatili dhidi ya majirani zake Waislamu katika kambi za Bosnia. Mawakili wake walileta hoja nzito, na ni haki kusema kwamba hazikuwa za upuuzi: kwanza, kwamba Baraza la Usalama si bunge wala si mahakama, basi halina mamlaka ya kuunda mahakama, na pili, kwamba hata likiwa nayo, vita vya Bosnia vilikuwa vita vya ndani, na sheria ya mataifa, kama ilivyofahamika hata siku hiyo, haikumtambua mtu yeyote kuwa mhalifu wa kivita kwa aliyoyatenda katika vita vya ndani. Mikataba ya Geneva ya mwaka 1949, kwa hakika, ilikuwa imeziorodhesha jinai kubwa za kivita kwa vita vya dola na dola tu. Kwa vita vya wenyewe kwa wenyewe iliweka ibara moja fupi ya kukataza unyama, bila ya kusema kwamba atakayeivunja atashitakiwa.

Majaji watano wa rufaa, Cassese akiwaongoza, na pamoja naye Li wa China, Deschênes wa Kanada, Abi-Saab wa Misri na Sidhwa wa Pakistani, waliikataa hoja ya kwanza kwa kusema kwamba mahakama ina uwezo wa kuchunguza uhalali wa kuundwa kwake, na kwamba Baraza lilikuwa na mamlaka ya kuiunda ili kurejesha amani. Kisha wakaigeukia ya pili. Wakakusanya mwenendo wa mataifa tangu vita vya Hispania vya miaka ya 1930 hata vya siku zao, maagizo ya majeshi, matamko ya serikali na ya waasi, sheria za nchi mbalimbali, na kutokana na ithibati hizo wakahitimisha kwamba ada ya mataifa imekwisha kubadilika: jambo lililo la kinyama na haramu katika vita vya dola mbili haliwezi kuwa halali kwa kuwa tu muuaji na muuawa ni raia wa nchi moja, na mtu anayelitenda hubeba dhima ya jinai yeye mwenyewe. Wakasema pia kwamba mtazamo wa kale uliotanguliza enzi ya dola umekuwa ukipisha mtazamo unaomtanguliza mwanadamu, wakaikumbusha dunia kanuni ya kale ya Warumi kwamba sheria yote imewekwa kwa ajili ya watu.

Msomaji wa Dar es Salaam, wa Mombasa au wa Bukavu ataniuliza hayo yanatuhusu nini. Yanatuhusu kuliko yanavyomhusu msomaji wa Paris. Mwaka mmoja kabla ya hukumu hiyo, kwa azimio nambari 955 la tarehe 8 Novemba 1994, iliundwa mahakama ya Rwanda iliyokaa Arusha, na Baraza la Rufaa la The Hague lilikuwa ndilo hilohilo la Arusha. Hati ya kuiunda ilikuwa imekwisha kuruhusu watu washitakiwe kwa ukatili wa vita vya ndani, lakini hati ya kisiasa ya siku moja si sawa na kanuni yenye mizizi katika ada ya mataifa, na mizizi hiyo ndiyo iliyotolewa na hukumu ya Tadić, ambayo majaji wa Arusha waliiegemea katika kesi ya Jean-Paul Akayesu, meya wa wilaya ya Taba, waliyemhukumu tarehe 2 Septemba 1998, akawa mtu wa kwanza katika historia kutiwa hatiani na mahakama ya kimataifa kwa mauaji ya kimbari. Mwaka huohuo, mwezi Julai, mkataba wa Roma wa kuunda Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ulizitia jinai za vita vya ndani ndani ya ibara zake. Na Thomas Lubanga, aliyewaandika jeshini watoto wasiofika miaka 15 na kuwapeleka vitani huko Ituri, mashariki ya Kongo, alipotiwa hatiani tarehe 14 Machi 2012, majaji waliviona vita vile kuwa si vya kimataifa, wakamhukumu kwa ibara hizohizo. Lau kanuni ya kale ingalisimama, wakili wake angaliweza kusema kwamba hayo ni mambo ya Wakongo baina yao, na sheria ingalinyamaza.

Fauka ya hayo, isidhaniwe kwamba jaji huyu alikuwa mtu wa kuadhibu tu. Mnamo Januari 2000, pamoja na Richard May wa Uingereza na Florence Mumba wa Zambia, alitoa hukumu ya mauaji ya Waislamu zaidi ya 100 katika kijiji cha Ahmići, waliouawa asubuhi ya tarehe 16 Aprili 1993 na majirani na askari wa Kikroeshia. Washtakiwa walitaka ijulikane kwamba na Waislamu nao waliwaua Wakroeshia mahali pengine. Baraza la Cassese likawajibu kwamba kosa la adui haliwi kibali cha kosa lako, na kwamba raia asiye na silaha haguswi hata kwa jina la kisasi. Ni kweli kwamba jamaa watatu wa ukoo mmoja waliotiwa hatiani katika hukumu hiyo waliachiliwa na Baraza la Rufaa mwaka 2001 kwa udhaifu wa ushahidi, na jambo hilo lenyewe ni sifa ya haki inayokubali kujichunguza. Lakini kanuni ilibaki, nayo ingefaa isomwe katika kila nchi ambayo kabila moja hujitetea kwa kuhesabu maiti wa kwao.

Na katika kesi ya Dražen Erdemović, kijana wa miaka 23 aliyeshiriki kuwapiga risasi mateka wa Srebrenica mnamo Julai 1995 baada ya kuambiwa kwamba asipofyatua ataungana na wanaouawa, majaji watatu kati ya watano walisema kwamba kulazimishwa si udhuru kamili kwa mwenye kuua wasio na hatia. Cassese alikuwa miongoni mwa wawili waliokataa. Aliandika kwa urefu kwamba sheria hujengwa juu ya yale ambayo jamii yaweza kuyatarajia kutoka kwa mtu wa kawaida, na haina haki ya kumtaka kila mtu awe shahidi wa kufia haki, hasa ikiwa kufa kwake kusingewaokoa wale waliokwisha kuhukumiwa kufa. Sidai kwamba hoja yake haina jibu. Nadai kwamba yeye, aliyeijua jinai ya Srebrenica kama wachache walivyoijua, bado alimtazama mshtakiwa kwa insafu, na huo ndio mtihani wa kadhi katika kila sharia.

Mwaka 2004 Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Kofi Annan, alimteua kuongoza tume ya kuchunguza yaliyotokea Darfur, akiwa na wenzake wanne kutoka Misri, Pakistani, Afrika ya Kusini na Ghana. Dunia ilikuwa ikingoja neno moja tu, mauaji ya kimbari, na serikali ya Marekani ilikuwa imekwisha kulitamka. Tume ilipotoa ripoti yake Januari 2005 ilisema kwamba haikuona ithibati ya sera ya kimbari kwa upande wa serikali ya Sudani, lakini iliona jinai za kivita na jinai dhidi ya ubinadamu ambazo uzito wake huenda usiwe mdogo kuliko huo, na ikamkabidhi Katibu Mkuu majina ya watu 51 ndani ya bahasha iliyofungwa. Wapo waliomlaumu kwa hilo, na wengine wakaona amewapunguzia wauaji dhambi. Mimi naona kinyume, kwamba mwanasheria asiyekubali kusema zaidi ya alichokithibitisha ndiye ambaye neno lake hushika. Kwani kwa ripoti hiyo Baraza la Usalama, kwa azimio nambari 1593 la tarehe 31 Machi 2005, likaipeleka Darfur mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, na Tanzania, iliyokuwa mjumbe wa Baraza mwaka huo, ilipiga kura ya kukubali. Mnamo Oktoba 2025, zaidi ya miaka 20 baada ya vijiji kuchomwa, Ali Kushayb, kiongozi wa wanamgambo wa janjawidi, alitiwa hatiani na mahakama hiyo.

Kazi yake ya mwisho ilikuwa urais wa Mahakama Maalumu ya Lebanoni, iliyoundwa baada ya kuuawa Rafik Hariri, aliyekuwa waziri mkuu wa nchi hiyo, ambayo aliishika tangu mwaka 2009, mwaka uleule aliotunukiwa Tuzo ya Erasmus pamoja na Benjamin Ferencz, mwendesha mashtaka wa zamani wa Nuremberg. Maradhi ya saratani yalimlazimisha kuacha urais mwezi Oktoba 2011, na kabla mwezi haujaisha akafariki Firenze, akiwa na umri wa miaka 74. Alikuwa amewahi kusikia, miezi michache kabla, kwamba Mladić amekamatwa.

Sasa nizijibu lawama mbili. Ya kwanza ni kwamba Cassese alitunga sheria badala ya kuitumia, akiita ada ya mataifa jambo ambalo mataifa yenyewe hayajalikubali. Lawama hiyo ina sehemu ya kweli, na Mahakama ya Haki ya Kimataifa ilikataa mwaka 2007, katika kesi ya Bosnia na Serbia, kuifuata kanuni moja ambayo yeye na wenzake waliiweka mwaka 1999 kuhusu dola inapobeba dhima ya matendo ya kundi lenye silaha inaloliunga mkono. Naye alijibu kwa maandishi hata akiwa nje ya kiti. Lakini katika jambo kubwa zaidi, la vita vya ndani, mataifa 120 yaliyoupigia kura mkataba wa Roma yaliithibitisha rai yake miaka 3 tu baada ya hukumu, na jaji ambaye mataifa humfuata baada ya muda mfupi hivyo hawezi kusemwa kwamba aliota ndoto.

Lawama ya pili ni nzito zaidi, nayo ni ya kwetu: kwamba haki hii ni mkuki kwa nguruwe, kwamba wanaofikishwa The Hague ni Waafrika na watu wa nchi zilizoshindwa, ilhali wakubwa wenye kura ya turufu hawaguswi na mtu. Simwambii msomaji kwamba malalamiko hayo ni ya uongo, maana si ya uongo. Cassese mwenyewe aliyajua, na ndiyo maana alikaa na Bert Röling, jaji wa Kiholanzi aliyepinga sehemu ya hukumu ya Tokyo, akayaandika mazungumzo yao na kuyachapisha kitabu mwaka 1993, ili kizazi chake kijue kasoro za haki ya washindi kabla ya kuianza haki mpya. Lakini dawa ya haki isiyowafikia wote ni kuieneza iwafikie, wala si kuwaachilia na wale wachache iliokwisha kuwafikia. Kwani mjane wa Ituri hapungukiwi na machungu yake kwa kuwa muuaji wa mahali pengine yu huru.

Wala asiseme mtu kwamba fikra ya kuuliza mambo ya ndani ya dola ni ya Kizungu. Mwaka 1975, Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulipokusanyika Kampala kwa Idi Amin, Tanzania ilikataa kwenda, na Mwalimu Nyerere aliulaumu Umoja huo kwa kunyamazia mauaji ya Waganda kwa kisingizio cha kutoingiliana. Robo karne baadaye, huko Lomé mwaka 2000, Afrika iliandika katika Hati ya Kuanzisha Umoja wa Afrika, ibara ya 4, kwamba Umoja una haki ya kuingilia kati katika nchi mwanachama panapotendwa jinai za kivita, mauaji ya kimbari na jinai dhidi ya ubinadamu. Na mwaka 2016 mahakama maalumu ya Kiafrika iliyokaa Dakar ilimtia hatiani Hissène Habré, aliyekuwa rais wa Chad, kwa mateso na mauaji ya raia zake. Kwa hiyo aliyoyasema Cassese kutoka The Hague na aliyoyasema Nyerere kutoka Dar es Salaam yanakutana mahali pamoja.

Lakini mwaka 2014, huko Malabo, viongozi wetu waliandika itifaki ya kuipa Mahakama ya Afrika uwezo wa kuhukumu jinai kubwa, jambo jema lenyewe, kisha wakatia ndani yake ibara inayowakinga wakuu wa nchi na maofisa wakuu wote wasishitakiwe muda wote wawapo madarakani. Itifaki hiyo haijaanza kutumika. Miaka 4 kabla yake, mnamo Agosti 2010, Omar al-Bashir, rais wa Sudani wakati huo, aliyekuwa na waranti mbili za The Hague juu yake, alikaribishwa Nairobi katika sherehe za kuzindua Katiba mpya ya Kenya, katiba ambayo yenyewe imezipa hadhi kanuni za sheria ya mataifa. Na mnamo Novemba 2019 Tanzania, nchi ambayo ndani yake, mjini Arusha, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu imepewa makao, iliondoa tamko lililomruhusu raia na jumuiya kuifikia mahakama hiyo moja kwa moja, kama Rwanda ilivyofanya mwaka 2016. Hivyo mahakama imo nchini, na mwananchi amefungiwa mlango wake.

Basi nasaha zangu ni hizi. Serikali za Afrika ya Mashariki zisiiridhie itifaki ya Malabo mpaka ibara ya kinga iondolewe, maana mahakama ya jinai isiyoweza kumshitaki mwenye amri ya jeshi haina wa kumshitaki ila mtekelezaji wa amri. Tanzania irudishe tamko lake, na Kenya na Uganda, ambazo hazijawahi kulitoa, zilitoe. Tume zetu za haki za binadamu zipewe kwa sheria uwezo uleule aliokuwa nao Cassese, wa kuingia katika mahabusu yoyote saa yoyote na kuzungumza na mfungwa faragha, na kusema hadharani serikali ikikaidi. Na vyuo vyetu vya sheria viifundishe hukumu ya Oktoba 1995 pamoja na kesi za Arusha, kwa lugha ambayo mwananchi anaielewa, ili kijana wa Kigoma au wa Goma ajue kwamba yaliyotendwa kwa watu wake hayakuwa mambo ya ndani ya mtu yeyote, bali ni jinai, na kwamba anayo haki ya kudai mwenye kuzitenda aitwe na ajibu.